Kompyuta iliyozimwa masasisho haijatengenezwa

Ukinunua kompyuta iliyotumika Kariakoo, au ukimpelekea fundi ya kwako iliyoanza kusuasua, kuna huduma moja utaipata bila kuiomba. Fundi atakupigia Windows upya, atakuwekea Word na Excel, atakuwekea programu ya kuchezea video, kisha kabla ya kukukabidhi atazima masasisho. Mara nyingi atakwambia mwenyewe, tena kwa nia njema: "Bosi, apdeti nimekuzimia, zisije zikakulia bando." Mteja anashukuru, analipa, anaiweka kompyuta kwenye begi na kuondoka akiamini amepewa kitu kizima.

Hajapewa kitu kizima. Kompyuta inayoingia kwenye intaneti huku masasisho ya mfumo wake endeshi yamezimwa imeachwa nusu ya kazi, na fundi aliyeizima hivyo hajamaliza kazi aliyolipwa. Najua maneno haya yatawaudhi baadhi ya mafundi. Hawa ndio waliozifanya kompyuta za nchi hii ziendelee kuwaka kwa miaka mingi, wengi wao wakijifunza wenyewe kwa macho na mikono, na heshima yao naitambua. Lakini kuzima masasisho kulianza kama msaada kwa mteja mmoja mwenye bando dogo, kukawa mazoea, na sasa kunafanywa kwa kila mashine inayopita mezani bila mwenyewe kuulizwa.

Tuangalie kilichomo ndani ya mashine hiyo. Kompyuta ya nyumbani kwetu huwa ni moja na watumiaji ni wengi. Baba anawasilishia ritani za TRA, binti wa chuo anaombea mkopo wa HESLB, mama anatunzia hesabu za duka na za kikoba, mdogo wao anachezea gemu alilopewa na rafiki kwenye flashi. Humo mna picha ya kitambulisho cha NIDA, hati ya kiwanja iliyoskaniwa, vyeti vya NECTA vya ukoo mzima, na nywila ya barua pepe ambayo kivinjari kimeikariri ili mtu asisumbuke kuiandika kila siku. Hiyo barua pepe ndiyo inayopokea ujumbe wa kubadilisha nywila za akaunti nyingine zote. Anayeipata amezipata zote. Kwa hiyo mtu anaposema "mimi sina cha kuibiwa kwenye kompyuta", namwomba akae dakika tano afungue mafolda yake mwenyewe.

Mfumo endeshi ni kazi ya mikono ya watu. Una mamilioni ya mistari ya maelekezo, na katika mistari hiyo hamkosi makosa. Mengi hayana madhara makubwa, lakini yapo ambayo mtu mwenye ujuzi akiyagundua anaweza kuyatumia kuendesha kompyuta yako akiwa nchi nyingine, wewe ukiona kila kitu kiko sawa. Kosa la aina hiyo likibainika, mtengenezaji huandaa kiraka na kukituma kwa njia ya masasisho.

Wasomaji walioanza kutumia kompyuta miaka ya 2000 wana ushahidi wao wenyewe wa thamani ya viraka, hata kama hawakuwahi kuutazama hivyo. Nawakumbusha virusi vya flashi. Ulikuwa unakwenda duka la steshenari kuchapisha barua ya maombi ya kazi, unachomeka flashi, unachapisha, unarudi nyumbani au ofisini, unachomeka tena, na mafolda yako yote yamegeuka kuwa njia za mkato zisizofunguka. Watu walipoteza tasnifu za shahada. Walimu walipoteza mitihani waliyoiandaa usiku kucha. Tulilaumu mashine za steshenari na tukalaumu flashi za bei poa, ilhali chanzo kikubwa kilikuwa ndani ya Windows. Mfumo ulipoona flashi imechomekwa, ulisoma faili dogo lililomo na kutekeleza maelekezo yake. Waandishi wa virusi waliutumia utii huo kwa miaka. Mmoja wa virusi hivyo, Conficker, aliyeonekana Novemba 2008 na kuingia kwenye mamilioni ya kompyuta duniani, alisafiri kwa flashi na pia kwa kosa jingine la Windows ambalo kiraka chake kilikuwa kimeshatolewa tangu 23 Oktoba mwaka huohuo.

Februari 2011 Microsoft ilianza kusambaza, kupitia masasisho ya kawaida, badiliko dogo lililoizuia Windows XP na Windows Vista kutii faili la namna hiyo kwenye flashi. Miezi michache baadaye, kwa hesabu za Microsoft yenyewe, maambukizi ya virusi vilivyotegemea njia hiyo yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya nusu. Badiliko hilo halikumgharimu mtumiaji hata shilingi. Lilimfikia yeyote ambaye masasisho yake yalikuwa wazi, na halikumfikia aliyezimiwa. Kuna ofisi na shule zilizoendelea kununua programu za kuua virusi, mwaka hadi mwaka, kupambana na tatizo ambalo dawa yake ilikuwa inasubiri nyuma ya kitufe kilichozimwa.

Huo ulikuwa usumbufu. Mwaka 2017 dunia ilionyeshwa hasara.

Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka kilichoitwa MS17-010, cha kuziba kosa katika sehemu ya Windows inayoruhusu kompyuta kugawana mafaili kwenye mtandao mmoja. Kosa hilo lilikuwa likijulikana zamani na shirika la ujasusi la Marekani, NSA, ambalo lilikuwa limetengeneza zana ya kulitumia. Mwezi uliofuata zana hiyo ilimwagwa hadharani na kundi lililojiita Shadow Brokers. Na Ijumaa ya 12 Mei, siku 59 baada ya kiraka kutoka, programu hasidi iliyoitwa WannaCry ikaanza kusambaa. Haikuhitaji mtu abofye kiungo wala afungue barua ya kitapeli. Iliruka yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta, ikayafunga mafaili kwa ufumbo na kudai fidia ya dola 300 kwa Bitcoin. Ndani ya siku chache kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 zilikuwa zimeathirika.

Uingereza ndiyo iliyotangaza majeraha yake kwa uwazi zaidi. Mkaguzi wa hesabu za serikali ya nchi hiyo aliripoti kwamba katika taasisi 236 za afya za England, 81 ziliguswa, na miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kufikia 19,000 iliahirishwa. Humo walikuwamo watu waliokuwa wakisubiri upasuaji. Habari za siku zile zilizungumzia sana Windows XP, mfumo ulioacha kupewa masasisho tangu Aprili 2014, na ni kweli hospitali zilikuwa bado nayo. Lakini wachunguzi walipohesabu, walikuta sehemu kubwa mno ya kompyuta zilizoambukizwa duniani zilikuwa za Windows 7, mfumo ambao wakati ule ulikuwa bado unahudumiwa kikamilifu. Kiraka chake kilikuwepo na kilikuwa bure. Wenye kompyuta hawakukiweka.

Ninarudia kisa hiki kila ninapopata nafasi kwa sababu kinavunja imani moja iliyokita mizizi: kwamba virusi huwapata wazembe wanaofungua tovuti za ajabu. Wauguzi wa England hawakufungua chochote. Walikuwa wakifanya kazi yao kwenye mashine ambazo mtu mwingine alichelewa kuzisasisha.

Lipo jambo jingine ambalo mafundi wengi hawaambiwi. Tangu mwaka 2003 Microsoft hutoa viraka vyake kwa ratiba, Jumanne ya pili ya kila mwezi, ambayo kwa saa za Afrika Mashariki huwa saa mbili au saa tatu usiku. Kiraka kikitoka, kinasomwa na watu wote, wema na wabaya. Mdukuzi hulinganisha faili la zamani na jipya, anaona palipobadilishwa, na hapo ameonyeshwa kosa lilipokuwa. Kuanzia usiku ule, kompyuta isiyosasishwa iko kwenye hatari kubwa kuliko ilivyokuwa jana yake, ingawa hakuna kilichobadilika ndani yake. Kwa hiyo fundi anayesema "hii Windows ni ileile niliyoweka mwaka juzi na haijawahi kuleta shida" anaeleza hatari akidhani anaeleza uimara.

Wanaopinga masasisho wana hoja, na hoja zao si za kubezwa. Yapo masasisho yaliyoharibu kompyuta. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, ndege zikabaki viwanjani na hospitali zikarudi kwenye karatasi. Programu hiyo huuzwa kwa makampuni na si ya nyumbani, lakini mtu akisema "mnaona sasa?" siwezi kumwambia hajaona kitu.

Mfano mzito zaidi ni wa NotPetya. Tarehe 27 Juni 2017, wiki chache tu baada ya WannaCry, wadukuzi walitumia seva za masasisho za M.E.Doc, programu ya hesabu na kodi iliyokuwa ikitumiwa na biashara nyingi za Ukraine, kusambazia programu ya kuharibu. Kampuni zilipokea sumu hiyo kupitia njia ileile ya masasisho. Ikishaingia ndani ilichota nywila zilizokuwa kwenye kumbukumbu za kompyuta na kuzitumia kuingia hata kwenye mashine zilizokuwa na viraka vyote. Kampuni ya meli ya Maersk ililazimika kupiga mifumo upya kwenye seva 4,000 na kompyuta 45,000.

Katika kisa hicho cha Maersk, kilichosimuliwa na mwandishi Andy Greenberg katika jarida la Wired, kuna kipande kinachotuhusu Waafrika. Seva zilizotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao kwa kampuni nzima zilikuwa nyingi, zimetawanyika duniani, na kila moja ilinakili mwenzake. Wabunifu waliamini kwamba wingi huo ulikuwa kinga. Zilifutika zote kwa pamoja, isipokuwa moja iliyokuwa Ghana. Ilinusurika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio, hivyo seva ile haikuwa kwenye mtandao. Intaneti ya pale ilikuwa ndogo mno kurusha mafaili hayo hadi Uingereza, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza, kwa hiyo mmoja alisafiri na diski hadi Nigeria akaikabidhi kwa mwenzake aliyeendelea nayo hadi London. Kampuni kubwa kuliko zote za usafirishaji wa makontena wakati ule iliinuliwa tena na nakala moja iliyokuwa imekatwa kwenye waya.

Kutokana na visa hivi viwili wengine huhitimisha kwamba masasisho yazimwe. Mimi nahitimisha mambo mawili tofauti. Kwanza, mtu asiyetaka kuwa wa kwanza kupokea sasisho ana haki ya kungoja. Windows yenyewe inaruhusu kuyasitisha kwa wiki kadhaa, na baada ya hapo yanarejea. Kungoja wiki moja ili matatizo yajulikane ni busara. Kuzima moja kwa moja ni kitu kingine kabisa, kwa sababu hakuna anayekumbuka kuwasha tena. Pili, kila nyumba yenye kompyuta iwe na nakala rudufu ya mafaili yake muhimu kwenye diski ya nje, na diski hiyo ichomolewe baada ya kunakili. Diski inayobaki imechomekwa itafungwa na WannaCry pamoja na kompyuta. Hili la pili naliona kubwa sawasawa na masasisho yenyewe, na nasikitika kwamba maduka yetu huuza diski za nje bila kumweleza mnunuzi hata neno moja kuhusu matumizi hayo.

Nije kwenye bando, maana ndiko kilio cha kweli kiliko. Masasisho ya mwezi hufikia mamia ya megabaiti, wakati mwingine zaidi, na toleo jipya la mfumo linakula gigabaiti kadhaa. Kwa familia inayonunua bando la siku au la wiki na kuwasha mtandao kwa simu ya baba, hicho ni chakula. Fundi anayezima masasisho ameiona hali hiyo kwa macho yake, na siwezi kumwambia mama wa kikoba kwamba usalama hauna bei.

Lakini kuna njia za katikati ambazo fundi angeweza kumwonyesha kwa muda uleule anaoutumia kuzima. Windows ina mahali pa kuueleza mtandao wa simu kuwa ni wa kulipia kwa kipimo, na ukishaeleza hivyo mfumo unaacha kuvuta masasisho mengi kwenye mtandao huo na kungoja mwingine. Mwanafunzi anaweza kuipeleka kompyuta chuoni mara moja kwa mwezi na kuiacha ivute kwenye mtandao wa chuo. Wapo wanaonunua bando la usiku kwa ajili ya filamu. Usiku mmoja katika mwezi ukitengewa masasisho, kompyuta imepona. Na kwenye nyumba au ofisi yenye kompyuta tatu, Windows inaweza kuruhusiwa kuvuta mara moja kisha mashine zigawane zenyewe humo ndani. Mpangilio huo upo tayari, na nadra sana nimeuona umewashwa.

Mzigo huu hata hivyo si wa familia peke yake. Kampuni zetu za simu zimeweza kwa miaka kutoa mitandao ya kijamii bure au kwa bando la bei ya chini kabisa, kwa sababu iliwavutia wateja. Kinachoruhusu kutuma picha za harusi bila kukatwa bando kinaweza kuruhusu viraka vya usalama kupita bila kukatwa bando. Viraka ni mafaili yaleyale kwa watu wote, hivyo vinaweza kuhifadhiwa hapahapa nchini na kugawiwa bila kuvuka bahari. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Tanzania na majirani kuzorota, tulipata somo la gharama ya kutegemea kila kitu kitoke mbali. Ningependa kuona TCRA na wenzao wa Kenya, Uganda na Rwanda wakiliweka jambo hili mezani na kampuni hizo. Naamini ni moja ya hatua za bei nafuu zaidi ambazo nchi inaweza kuchukua kwa usalama wa mtandao, na ingemwondolea fundi sababu yake kuu.

Sababu yake nyingine haisemwi kwa sauti. Windows nyingi zinazopigwa mitaani hazijalipiwa, zimefunguliwa kwa programu za kughushi leseni, na fundi anahofia sasisho litaufuta ughushi wake na mteja atarudi akilalamika. Sitaki kuingia kwenye mjadala wa umaskini na leseni. Bei ya leseni halisi inakaribia bei ya kompyuta yenyewe iliyotumika, na anayewahukumu watu bila kuitaja bei hiyo hawatendei haki. Ninachotaka kijulikane ni namna programu hizo zinavyofanya kazi. Karibu zote hukutaka kwanza uzime kinga ya virusi. Ukishazima, umempa mgeni usiyemjua mamlaka yote ya mashine. Mwaka 2021 wachunguzi wa usalama walieleza nakala za KMSPico, programu maarufu ya aina hiyo, zilizokuwa zimebebeshwa Cryptbot, mwizi wa nywila na pochi za fedha za kidijiti. Mtu aliyeipakua alipata Windows iliyofunguka na mwizi aliyekaa ndani, kwa wakati mmoja. Na anayedhani Windows isiyolipiwa inanyimwa viraka ajue kwamba Windows 10 na 11 hupokea masasisho ya usalama hata kabla ya leseni kuthibitishwa. Inamnyima mtu mapambo ya kioo na kumwandikia ujumbe pembeni. Nafuu avumilie ujumbe huo kuliko kuingiza asichokijua.

Sasa kuna tarehe ambayo imeligeuza suala hili kuwa la soko zima. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya bure ya Windows 10, mfumo uliozinduliwa Julai 2015 na ambao umejaa kwenye kompyuta za nyumbani kwetu. Mrithi wake, Windows 11, hakubali kila mashine. Anataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa kompyuta za Intel anaanza, ukiacha vighairi vichache, na prosesa za kizazi cha nane, zilizoanza kutoka nusu ya pili ya mwaka 2017.

Tembea kwenye maduka ya kompyuta zilizotumika, Dar es Salaam au Nairobi, uone kinachouzwa. HP EliteBook 840 G3, Lenovo ThinkPad T460, Dell Latitude E7470: mashine imara, kibodi nzuri, kioo safi, na zote ni za kizazi cha sita. Zilikuwa za ofisi za Ulaya, Marekani na Ghuba, na sasa ofisi hizo zina sababu moja zaidi ya kuziondoa. Zinakuja kwetu kwa wingi, zinasuguliwa, zinang'aa, na anayeuziwa haambiwi kwamba mfumo uliomo umeshaachwa.

Mnunuzi anaweza kujisaidia kwa kusoma jina la prosesa. Kwenye i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: cha sita. i5-8350U ni cha nane. Vizazi vya 10 na kuendelea hutumia tarakimu mbili, kwa hiyo i5-10210U ni cha 10 na i5-1135G7 ni cha 11. Wapo mafundi wanaolazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine isiyokubalika, na huingia kweli, lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashine hizo hazina haki ya kudai masasisho. Siku yakikoma, hakuna wa kumlalamikia.

Mwenye Windows 10 bado ana njia. Microsoft imeweka mwaka mmoja wa nyongeza wa viraka kwa watu wa majumbani, hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo kwa anayekubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe kwenye akaunti yake ya Microsoft. Ifungue sehemu ya Windows Update na ujiandikishe leo. Hapa sina budi kusema kinachoniuma. Baada ya shirikisho la watetezi wa walaji la Euroconsumers kulalamika, wakazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya wamepewa mwaka huo bure bila sharti hilo la kuhifadhi mipangilio. Sisi wengine, pamoja na wale ambao dola 30 ni kodi ya chumba, tumeachiwa masharti yaleyale. Wazungu hawakupewa kwa kupendelewa rangi. Walipewa kwa sababu wana chama cha walaji kinachoandika barua, na sheria inayozipa barua hizo uzito.

Njia nyingine ni kuhamia mfumo endeshi mwingine, Linux. Ubuntu na Linux Mint ni za bure kisheria, hukaa vizuri kwenye ThinkPad ya kizazi cha sita, na toleo la Ubuntu la 24.04, lililotoka Aprili 2024, lina viraka vya kawaida vya miaka mitano. Kwa mwanafunzi anayeandika, anayesoma na kuingia kwenye tovuti, inatosha. Kwa mhasibu anayetegemea programu ya hesabu ya Tally haitoshi, na asidanganywe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitangulia kwenye njia hii kwa mradi wa Kilinux, uliotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Kazi ile ilistahili vijana wa kuiendeleza, na bado inawangoja.

Lakini nguvu kubwa ninaitaka ielekezwe dukani. Kopo la maziwa haliruhusiwi kuuzwa hapa bila tarehe ya mwisho wa matumizi, na mashine inayobeba hati ya kiwanja inauzwa bila kutajwa siku ambayo viraka vyake vitakoma, au vilikoma. Wengine wameanza kurekebisha. Uingereza, tangu 29 Aprili 2024, inawataka watengenezaji wa vifaa vingi vinavyounganishwa na intaneti, simu zikiwemo, kutaja muda wa chini wa masasisho ya usalama, ingawa iliziacha kompyuta za kawaida nje. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kuwa na nguvu Desemba 2024, ambayo wajibu wake mkuu utawabana watengenezaji kuanzia Desemba 2027, inakwenda mbali zaidi na kwa kawaida inataka bidhaa ihudumiwe kwa viraka kwa angalau miaka mitano. Sheria zote hizo zinamlinda mnunuzi wa kitu kipya kule. Kikishachakaa na kupanda meli kuja Dar es Salaam au Mombasa, hakuna anayemlinda wa pili.

Tume ya Ushindani inaweza kuanza na jambo dogo lisilohitaji maabara wala wataalamu wapya: kila anayeuza kompyuta, mpya au iliyotumika, aandike kwenye risiti jina la mfumo endeshi uliomo, kama masasisho yamewashwa au yamezimwa, na tarehe ambayo mtengenezaji amesema yatakoma. Tarehe hizo ziko hadharani, fundi yeyote anazipata kwa dakika mbili. Kwenye EliteBook 840 G3 yenye Windows 10 mstari huo ungesomeka "masasisho ya bure yalikoma 14 Oktoba 2025". Muuzaji atabaki huru kuiuza na mnunuzi atabaki huru kuinunua, huenda kwa kuiwekea Linux, huenda kwa kujiandikisha mwaka wa nyongeza. Ila bei watakayopatana itakuwa ya kitu ambacho wote wawili wanakijua, na fundi wa jirani atakapoombwa kupiga Windows upya, atalazimika kuandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba masasisho ameyazima, na kumweleza mteja ni kwa nini.